Malazi ya likizo ya skii Norwei: uzoefu wangu na nyumba za kupanga, hoteli za mlimani na vibanda vya DNT

Nimelala katika aina zote tatu za malazi anazokutana nazo mtu anayekwenda Norwei kwa skii za masafa: nyumba ya mbao ya kupanga kwa wiki, hoteli ya mlimani yenye chakula, na vibanda vya DNT, chama cha wapenda matembezi kilichoanzishwa 1868. Skii za masafa ni zile nyembamba ambazo kisigino kiko huru, na mtu huenda kilomita 15 au 25 kwa siku juu ya mifereji iliyochongwa na mashine kwenye theluji. Hazina uhusiano na zile za kupanda lifti na kushuka mteremko, na malazi yake yanachaguliwa kwa vigezo vingine kabisa. Mtu wa masafa hurudi jioni amelowa jasho kuanzia fulana ya ndani hadi glavu, na kesho asubuhi anataka nguo zilezile zikiwa kavu. Ndiyo maana kabla ya kuangalia kitanda naangalia mambo mawili: umbali wa mlango na njia ya skii, na mahali pa kukaushia vitu.

Tuanze na mahali. Kusini mwa Norwei, theluji ya kuaminika iko kati ya mita 700 na 1,000 juu ya usawa wa bahari. Chini ya hapo, siku chache za joto Februari zinatosha kuigeuza njia kuwa barafu. Juu ya hapo unatoka msituni, na upepo unaweza kuifukia mifereji saa chache tu baada ya mashine kupita. Kwa anayeanza naipendekeza Sjusjøen, juu ya mji wa Lillehammer: njia zake zinazidi kilomita 300, msitu unakinga upepo, na kutoka Oslo ni treni ya saa mbili hivi kisha basi. Geilo na Ustaoset ziko kwenye reli ya Oslo na Bergen, kwa hiyo huhitaji gari. Stesheni ya Ustaoset iko mita 990, na unaweza kuvaa skii karibu na hapo uliposhukia. Finse, mita 1,222, ndiyo stesheni ya juu kuliko zote kwenye reli ya Norwei, na hakuna barabara ya gari inayofika. Ni mahali pa ajabu jua la masika likiwaka, lakini hakuna mti hata mmoja, na dhoruba ikija mnakaa ndani mpaka ipite. Anayeanza asiweke wiki nzima pale.

Sasa umbali wa kutoka mlangoni. Tangazo likisema “mita 200 hadi njia ya skii”, fungua ramani uangalie mita hizo zinapita wapi. Mara nyingi zimepimwa kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna barabara iliyomwagwa kokoto ili magari yasiteleze. Kokoto hizo hukwaruza tumbo la skii, kwa hiyo utazibeba mkononi kwenda na kurudi, ukiwa na viatu ambavyo havishiki barafu. Jambo la pili ni mteremko. Nyumba iliyo juu ya njia inakupa mwanzo mtamu na mwisho mchungu, maana utamalizia kilomita ya 20 ukipanda. Nyumba iliyo chini kidogo ya njia, kwa mita 10 au 20 za mwinuko, ndiyo ninayoipenda: unapanda mwili ukiwa mpya, unarudi ukiteleza. Na maneno “ski in/ski out”, yaani kutoka na kurudi mlangoni ukiwa umevaa skii, kwenye matangazo karibu kila mara yanazungumzia mteremko wa lifti, kwa hiyo hayana faida kwetu. Tovuti ya skisporet.no inaonyesha njia zipi zimepitiwa na mashine na ni saa ngapi zilizopita. Itazame kwa siku kadhaa kabla ya kulipa amana. Njia iliyo karibu na nyumba ikikaa siku tatu bila kupitiwa katikati ya msimu, tafuta nyumba nyingine.

Kuhusu ukaushaji nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo likizo nyingi zinapoharibikia. Watu watano wakirudi wana jozi tano za viatu, glavu kumi, kofia, soksi, fulana na makoti. Vikitandazwa sebuleni, unyevu wote huo unahamia kwenye vioo vya madirisha, na asubuhi viatu bado vina ubaridi kwenye vidole. Kiatu kibichi ndicho kinacholeta malengelenge siku ya pili, na mwenye malengelenge siku ya tatu anabaki nyumbani. Kinachotakiwa ni joto la wastani pamoja na hewa inayozunguka. Kwenye tangazo tafuta tørkeskap, kabati la umeme la kukaushia, au tørkerom, chumba kizima cha kazi hiyo. Varmekabler maana yake sakafu ina nyaya za joto. Sakafu ya namna hiyo bafuni au ukumbini hukausha viatu vizuri usiku kucha ukitoa soli za ndani na kufungua kamba zote. Usiviweke juu ya jiko la kuni wala karibu yake. Gundi inayoshika soli hulegea kwa joto kali, na soli ikibanduka ukiwa kilomita 10 kutoka nyumbani, unarudi kwa miguu ukizama kwenye theluji.

Skii zenyewe zinahitaji stoo baridi yenye kufuli, skibod. Ukizitoa kwenye joto na kuzikanyagia theluji moja kwa moja, theluji inayeyuka chini yake kisha inaganda, na unatembea na mabonge ya barafu. Ziweke nje dakika 15 hadi 20 kwanza zipoe. Skii zenye vipande vya manyoya chini, felleski, ambazo ndizo nyepesi kwa anayeanza kwa kuwa hazihitaji nta ya kushikia (ile inayozuia skii isiteleze kurudi nyuma), zina utaratibu wake: manyoya yakilowa zilaze ndani usiku yakauke, asubuhi zitoe zipoe kabla ya kuondoka. Wanaotumia nta waulize kama kuna smørebod, chumba chenye meza, vibanio na soketi ya pasi. Kupaka nta sebuleni ni kujitafutia bili ya usafi, hasa nta ya kunata ya majimaji inayotumika kwenye theluji iliyoganda upya. Ikishika sakafu haitoki kwa maji na sabuni.

Maji ya moto ni hesabu ambayo watu hawaipigi. Nyumba nyingi zina tangi la umeme, na dogo huwa la lita 120 hivi. Likiwa na joto la nyuzi 75, ukichanganya na maji ya bomba ya nyuzi 5 ili upate maji ya kuogea ya nyuzi 38, unapata kama lita 250. Bomba la mvua linalotoa lita 10 kwa dakika litayamaliza kwa dakika 25. Kwa watu watano ni dakika tano kila mmoja, kisha tangi lenye kipashio cha kilowati 2 linahitaji takriban saa tano kurudi lilipokuwa. Kundi la watu wanane litafute nyumba yenye lita 300 au bafu mbili zenye matangi mawili. Kama kuna sauna, wanaoanza huko waogee baadaye, foleni inagawanyika.

Joto la nyumba nalo lipangwe kabla hujafika. Nyumba iliyoachwa baridi wakati nje ni nyuzi 15 chini ya sifuri huchukua saa nyingi kupata joto, maana kuta na magodoro yenyewe yamepoa. Wenye nyumba wengi wanaweza kuwasha hita kwa simu. Waombe wafanye hivyo asubuhi ya siku ya kufika. Jiko la kuni ukilikuta limepoa, choma gazeti moja au mawili karibu na tundu la bomba la moshi kwanza. Hewa baridi iliyojaa kwenye bomba ndiyo inayorudisha moshi ndani. Ikishapashwa, moshi unapanda wenyewe. Panga kuni nene chini, vijiti juu, uwashe juu. Kuni huuzwa kwa magunia ya lita 40 au 60, na gunia la lita 40 kwangu hutosha jioni moja ndefu. Uliza pia kama umeme umo kwenye bei au unalipwa kwa mita. Ukiwa wa mita, ipige picha mara unapoingia.

Kwenye vitanda, usisome idadi ya sengeplasser, nafasi za kulala, peke yake. Namba hiyo hujumlisha kochi la kukunjua na magodoro ya hems, dari ya kulala inayopandwa kwa ngazi, ambako watu wazima hawawezi kusimama wima. Hesabu soverom, vyumba vyenye mlango. “Nyumba ya watu 10” yenye vyumba vitatu inawatosha vizuri watu sita. Vitanda vya dabo deka ni vya kawaida, na upana wa sentimita 75 upo, kwa hiyo mwenye mwili mkubwa aulize. Duveti na mito kwa kawaida vipo. Mashuka, foronya na taulo unakuja navyo au unakodi. Usafi wa mwisho unaufanya mwenyewe au unaulipia, na wanakagua. Neno jingine la kuangalia ni utedo, choo cha nje. Si kibaya, ila usiku wa Februari utajua umeamka. Innlagt vann ni maji ya bomba ndani, na brøytet vei ni barabara inayosafishwa theluji hadi mlangoni. Isipoandikwa hiyo ya mwisho, gari linaweza kubaki kwenye maegesho ya mbali, na mizigo mkaivuta kwa sledi.

Hoteli za mlimani zinagharimu zaidi kwa kila mtu, lakini kwa familia inayokwenda mara ya kwanza naona pesa inarudi. Chumba cha kukaushia kipo, cha nta kipo, mara nyingi skii zinakodishwa papo hapo, na mpokezi anajua njia ipi imechongwa asubuhi hiyo. Asubuhi, kwenye meza ya kifungua kinywa, unajitengenezea mkate wa kwenda nao njiani na kujaza chai kwenye chupa, kwa malipo madogo. Uliza kwanza, usifunge tu. Udhaifu wake ni saa ya chakula cha jioni isiyobadilika, na jikoni ambako mtu anayekula halali atabaki na samaki na mboga. Ndiyo sababu Waislamu wengi tutapendelea nyumba yenye jiko: nyama inunuliwe Oslo, mtaa wa Grønland wenye mabucha ya halali, maana huko milimani hutaipata kwa urahisi.

DNT ina zaidi ya vibanda 550 na inavigawa katika makundi matatu. Vya kuhudumiwa vina wapishi na chakula cha jioni, na Finsehytta ni mojawapo. Vya kujihudumia vina stoo ya vyakula vikavu na vya makopo vyenye orodha ya bei. Unaandika ulichochukua na unalipa kwa uaminifu. Vya aina ya tatu havina chakula. Vya kujihudumia vingi hufunguliwa kwa ufunguo mmoja wa wanachama, unaopewa kwa amana. Ndani kuna jiko la kuni, gesi, sufuria, mablanketi au duveti. Hakuna bafu, maji ni theluji unayoyeyusha mwenyewe, na choo kiko nje au banda la pembeni. Leta shuka la mfuko, tochi ya kichwani na viatu vyepesi vya ndani. Wakizidi watu, magodoro hulazwa sakafuni. Ukiondoka unajaza kuni, unamwaga maji yote yasigandie ndoo, unafagia na kufunga madirisha. Nauheshimu sana mpango huu, na kwa amani ya moyo hakuna unaoushinda, lakini si wa kujifunzia skii. Kati ya banda na banda kuna kilomita 15 hadi 25 za mlima usio na mashine, unafuata vijiti vilivyochomekwa kwenye theluji, vingi vikiwekwa karibu na Pasaka. Unatakiwa ujue kusoma ramani na dira, uwe na koleo na begi la kujikinga na upepo, na uwe tayari kugeuka mapema. Uliza vilevile tarehe: vya kuhudumiwa vingi hufungua Machi hadi baada ya Pasaka, na kabla ya hapo wapishi hawapo.

Wakati mzuri kwangu ni wiki za katikati ya Machi. Desemba Lillehammer jua linazama saa tisa alasiri, na utategemea njia fupi zenye taa; katikati ya Machi mwanga unavuka saa kumi na mbili jioni, na theluji bado ni nene. Epuka wiki ya 8 na ya 9 za mwaka, likizo ya majira ya baridi ya shule za Norwei, pamoja na Pasaka, isipokuwa umebuku miezi mingi kabla. Bei hupanda, na skii za kukodi za namba ya mguu wako zinaweza kuwa zimekwisha. Nyumba nyingi wakati huo hukodishwa kwa wiki nzima tu.

Kabla ya amana mwandikie mwenye nyumba maswali haya matano tu: viatu vinakaushwa wapi, tangi la maji ya moto ni la lita ngapi, njia ya skii inaanzia wapi kwenye ramani, barabara inasafishwa hadi wapi, na nikighairi kwa kukosa theluji nitarudishiwa kiasi gani. Hilo la mwisho lipate jibu la maandishi, kwa sababu mikataba mingi haihesabu ukosefu wa theluji kuwa sababu ya kurudisha pesa. Asiyejibu kuhusu viatu kwa kawaida hana pa kuvikaushia.