TAHADHARI: Seli chakavu za mashine za chumvi zinauzwa kama mpya, Bagamoyo

Wenye nyumba za wageni na wenye mabwawa ya kuogelea majumbani hapa Bagamoyo, fungueni macho. Kuna muuzaji anayepita nyumba kwa nyumba na seli za mashine za kutengeneza klorini kwa chumvi, yaani kile kipande chenye mabamba ambamo chumvi ya maji hugeuzwa klorini kwa umeme. Anazinadi kuwa mpya, kwa nusu ya bei ya dukani. Ni seli zilizokwisha kazi, zikalowekwa kwenye asidi mpaka zikang'aa, ganda likasuguliwa na stika mpya ikabandikwa. Akishakufungia hiyo, anaanza kukuuzia chumvi.

Ujanja wake wote umekaa kwenye kioo cha mashine, kile kinachoonyesha kiasi cha chumvi. Ndani ya seli kuna mabamba ya titani yaliyopakwa tabaka jembamba mno la oksidi za metali za ruteni na iridi. Tabaka hilo ndilo linalotoa klorini kwenye maji ya chumvi. Likiisha, kwa kawaida baada ya miaka 3 hadi 5, titani tupu hujifunika utando wake yenyewe usiopitisha umeme. Na mashine nyingi hazipimi chumvi moja kwa moja, zinaikisia kutokana na umeme unaopita kwenye seli. Seli ikichoka, umeme unapungua, na kioo kinaandika "chumvi kidogo" hata kama imo ya kutosha. Muuzaji anakuonyesha kioo, unanunua mifuko 6, namba inapanda kidogo, kisha inashuka tena. Anarudi na mifuko mingine. Mwishowe anarudi na seli nyingine.

Mashine haili chumvi. Klorini ikimaliza kazi yake hurudi kuwa chumvi ileile, na maji yakikauka kwa jua chumvi inabaki. Inayopotea ni ile inayotoka na maji: unapoosha chujio, watoto wanaporusha maji nje, bwawa linapofurika wakati wa masika. Kwa hiyo anayekudai mifuko kila mwezi, bwawa halivuji, anakuibia.

Piga hesabu mwenyewe. Bwawa la mita 10 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, lina lita 60,000. Mashine nyingi zinataka gramu 3 hadi 4 za chumvi kwa lita. Kwa gramu 3.5 ni kilo 210, yaani mifuko 8 na nusu hivi ya kilo 25, na hiyo ni kwa maji matamu yasiyo na chumvi kabisa. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi yake, hivyo pima kabla ya kumwaga, kwa kijiti cha kupimia chumvi au kipimo cha mkononi. Usitumie kioo cha mashine.

Chumvi anayoiita "maalum ya bwawa" nayo ichunguzeni. Ni ya mawe kutoka mashamba ya chumvi, haijasafishwa, imewekwa tu kwenye mfuko mzuri. Yeyusha gramu 100 kwenye lita moja ya maji safi, iache mpaka asubuhi. Ukikuta tope chini au maji yametibuka, usiinunue. Ikiwa mfuko unatoa unyevu, ina magnesi nyingi. Ya mezani yenye madini joto pia haifai bwawani. Na akikushauri uchote maji ya bahari, kataa: yana gramu 35 hivi kwa lita, mara 10 ya inayotakiwa. Mashine itajizima au itaungua, na ngazi zitaliwa na kutu.

Kabla ya kulipia seli, iangalie kwenye mwanga. Mabamba yawe meusi au ya kijivu kilichoiva, rangi moja kote. Ukiona madoa ya fedha, hasa pembeni, tabaka limeondoka. Mikwaruzo ya bisibisi ni dalili kwamba mtu alikuwa akikwangua ukoko. Kisha soma kibandiko cha transfoma, kile kisanduku kinachoipa seli umeme. Kutoa gramu 30 za klorini kwa saa hula zaidi ya wati 100. Kibandiko kikisema gramu 30 kwa wati 50, ni uongo, fizikia haikubali. Mwisho ifungwe, iwashwe kwa asilimia 100, na baada ya saa moja uchote maji pale yanaporudi bwawani na mengine katikati ya bwawa. Klorini ya yale yanayorudi iwe juu zaidi. Zikilingana, seli haizalishi.

Kilichotusukuma kuandika haraka ni hiki: anakata swichi ya mkondo wa maji na kuunganisha nyaya zake mbili pamoja, akidai "inasumbua". Swichi hiyo huzima seli pampu inaposimama. Bila hiyo, seli inaendelea kutoa gesi ya haidrojeni ndani ya bomba lililofungwa, na cheche moja inaweza kulipua kila kitu. Kama fundi wako ameunganisha hivyo, zima umeme leo na usiwashe mpaka swichi irudishwe.

Uliyekwisha kununua, usitupe seli. Hifadhi picha, ujumbe na jina lililotokea kwenye simu ulipolipa, kisha ripoti polisi au Tume ya Ushindani. Usijaribu kuifufua kwa asidi tena, maana kila kuilowesha kunamaliza kilichobaki. Wakati unasubiri, tumia klorini ya unga ya asilimia 65: gramu 90 kwa lita 60,000 hupandisha miligramu 1 kwa lita. Iyeyushe kwenye ndoo yenye maji, mwaga jioni, pampu ikiwa inazunguka. Watoto wasiingie mpaka kipimo cha klorini kisome miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) iwe 7.2 hadi 7.6.