Kupima mionzi ya asili kwenye maji ya kunywa: ulipie kipimo kipi kwanza

Maji ya kisima kirefu, hasa kilichochimbwa kwenye miamba ya graniti, huweza kubeba urani, radiamu na gesi ya radoni, vitu vya asili vinavyotoa mionzi. Hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kununua kihesabio cha Geiger, kifaa cha mkononi cha kuhesabu mionzi, na hicho nimekiweka karibu na mkia wa orodha hii. Anayekunywa maji ya mto au ya mvua hana sababu kubwa ya kuhangaika. Naandika kwa mwenye kisima.

1. Kipimo cha maabara cha jumla ya alfa na beta, aina mbili za mionzi, pamoja na urani. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua hiki. Maabara huyakausha maji na kuhesabu mionzi ya masalio yanayobaki. Shirika la Afya Duniani linaweka kiwango cha uchunguzi wa awali, ambacho kikivukwa maji hupimwa zaidi: bekereli 0.5 kwa lita kwa alfa na 1 kwa beta (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kila sekunde). Urani ina kikomo chake, mikrogramu 30 kwa lita, kwa kuwa inadhuru figo kama sumu ya kawaida kabla mionzi yake haijawa tatizo.

Kabla ya kulipa, uliza kiwango cha chini kabisa wanachoweza kukipima. Kama hakiko chini sana ya 0.5, tafuta maabara nyingine. Uliza pia kama wana ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, na kama chupa inatiwa asidi ya nitriki. Bila asidi, radiamu hunata kwenye kuta za chupa na jibu linatoka dogo kuliko ukweli. Maji yako yakiwa ya chumvi, waambie mapema, kwa sababu masalio mazito huizuia alfa isifike kwenye kifaa cha kuhesabu. Beta ikizidi, usishtuke kabla hujapima potasiamu: kila gramu yake hutoa beta ya bekereli 28 hivi, na mwili hujirekebishia wenyewe kiasi cha potasiamu unachokihitaji.

2. Chupa ya radoni. Kipimo cha kwanza hakisemi lolote kuhusu radoni, maana gesi hiyo hutoroka maji yanapokaushwa. Hapa hununui kifaa, unanunua chupa ya kioo na huduma ya maabara. Ijaze ikiwa imezama ndani ya maji, isibaki hata kiputo kimoja, kisha andika saa. Radoni hupungua nusu kila siku 3.8, kwa hiyo chupa iliyosahaulika wiki nzima imepoteza sehemu kubwa ya ilichobeba. Umoja wa Ulaya umeweka kiwango cha bekereli 100 kwa lita, na nchi mwanachama inaweza kuchagua cha juu zaidi.

3. Radiamu-226 na radiamu-228, aina mbili za radiamu. Kuzipima ni ghali, na wengi huambiwa wasubiri mpaka alfa au beta ivuke kiwango. Mimi sikubaliani kabisa. Kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani kwa radiamu-228 ni bekereli 0.1 tu kwa lita, nayo hutoa beta, hivyo inaweza kujificha chini ya ile beta ya 1. Kama kisima kinanywesha watoto kila siku, ningelipia.

4. Kifaa cha radoni cha elektroniki chenye chupa ya maji. Kinafaa kwa anayesimamia visima vingi na atakayekirudisha kusahihishwa usomaji wake kila kinapohitaji. Kwa kaya moja, hapana.

5. Kihesabio cha Geiger. Bekereli 0.5 ni atomu moja inayovunjika kila sekunde mbili katika lita nzima, na alfa haipenyi hata sehemu ya kumi ya milimita ya maji. Utakachosoma ni mionzi ya ardhi na anga. Kikinyamaza juu ya ndoo, hakijathibitisha usalama wowote.

6. Kalamu ya TDS. Inapima chumvi zilizoyeyuka tu.

Kuchemsha hufukuza radoni, lakini urani na radiamu hubaki katika maji machache zaidi. Ukifunga mtambo wa osmosisi rejeshi, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba ili kuyasafisha, peleka maabara chupa mbili za siku ileile, moja ya kabla ya mtambo na nyingine ya baada yake.