LibreNMS: kusajili vifaa vya mtandao kwa API
Kwa sisi tunaohudumia mitandao ya ofisi zilizotawanyika jijini Mwanza kutoka Kirumba hadi Igoma, na nyingine ng'ambo ya maji huko Ukerewe, LibreNMS ni programu huria ya ufuatiliaji inayostahili nafasi kwenye seva, hasa kwa sababu ya API yake, yaani njia ya programu nyingine kuitumia kwa maombi ya mtandaoni. Unatengeneza tokeni (msimbo wa siri wa kukutambulisha), unaiweka kwenye kichwa cha ombi kiitwacho X-Auth-Token, kisha unatuma ombi la aina ya POST kwenye /api/v0/devices likiwa na JSON (data iliyopangwa kama maandishi) inayotaja anwani ya kifaa, toleo la SNMP (itifaki ya kuhoji hali ya vifaa vya mtandao) na neno lake la siri. Kabla ya kukubali, mfumo hukipigia kifaa pingi (ujumbe mfupi wa kupima kama kipo hewani) na kukihoji kwa SNMP. Kisipojibu hukataliwa, jambo ninalolisifu kwa dhati, maana orodha haijazwi vifaa hewa. Lipo chaguo la force_add la kuruka ukaguzi huo, nalo hufaa pale swichi inaposajiliwa kabla umeme haujafika kituoni, ingawa nisingemkabidhi fundi mgeni. Redio ya mtandao isiyojibu SNMP huokolewa na chaguo la ping_fallback, ikafuatiliwa kwa pingi tu. Kila ombi husajili kifaa kimoja, hivyo mwenye swichi nyingi hana budi kuandika skripti fupi.