Vowst: dawa ya kapsuli iliyozuia C. diff isimrudie mama

Kama una mzazi aliyeugua C. diff, yaani kuharisha kukali kunakoletwa na bakteria wa jina hilo tumboni, akatibiwa, akapona, kisha ikamrudia, haya ninayaandika kwa ajili yako. Vowst ni dawa ya kumeza, kapsuli nne kila asubuhi kwa siku tatu, na ndani yake hamna kitu cha kuua mdudu. Mna bakteria wema waliolala, yaani wakiwa katika hali ya spora, na wametolewa kwenye kinyesi cha watu wenye afya waliopimwa magonjwa. Nalitaja hilo mapema kwa sababu ndilo litakaloulizwa kwanza nyumbani kwako.

Tunaishi Houston. Mama ni mtu wa Tanga, ana miaka sabini na ushei, na alikuwa mzima wa kujipikia na kujifulia. Yote yalianza na jino. Aliandikiwa klindamaisini, antibiotiki inayojulikana sana kwa kuleta C. diff, na dozi haijaisha akaanza kuendesha maji matupu, tumbo likimnyonga, homa juu. Wakampima, wakampa antibiotiki nyingine, vankomaisini, ya kumeza mara nne kwa siku. Ikakata. Hata wiki mbili hazikupita, ikarudi. Akapewa tena, safari hii dozi ikipunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ikakata, ikarudi. Nguo zikaanza kumpwaya, na akawa anakataa chakula cha jioni kwa kuogopa usiku. Kwa mtu wa umri ule huo si ugonjwa wa kungojea uondoke wenyewe. Takwimu za CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ni kwamba katika kila watu 11 wenye miaka 65 na zaidi wanaopata C. diff inayotokana na huduma za afya, mmoja hufariki ndani ya mwezi.

Daktari wa tumbo aliyetupokea alikaa nasi, akatuchorea kwenye karatasi. Vankomaisini huwaua C. diff walio macho, ila spora zao haziguswi. Wakati huohuo inawafagia na bakteria wema, wakiwemo wale wanaoibadili nyongo tumboni kuwa katika hali inayozuia spora za C. diff zisiamke. Ni kama shamba lililong'olewa magugu na mazao pamoja: mvua ikinyesha, magugu ndiyo huwahi kuota. Kwa hiyo dozi ya pili na ya tatu ya dawa ileile inaacha shamba tupu kuliko lilivyokuwa. Vowst inaingia hapo, baada ya antibiotiki kumaliza kazi, kurudisha wenyeji.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1958 huko Denver, daktari Ben Eiseman na wenzake waliwatibu wagonjwa wanne mahututi kwa kuwapitishia kinyesi cha watu wazima wa afya kwa njia ya haja kubwa. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walichapisha jaribio lao: wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa dozi moja ya kinyesi, ilhali kwa vankomaisini peke yake walipona 4 kati ya 13. Hatari nayo ilikuwepo. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wagonjwa wawili kuambukizwa bakteria sugu kutoka kwa mtoaji mmoja, na mmoja wao akafa. Ndiyo maana nikaridhika na Vowst: kinyesi husafishwa kwa alkoholi, wanaobaki hai ni wale wenye spora. FDA iliipitisha tarehe 26 Aprili 2023, kwa wenye miaka 18 na zaidi ambao C. diff imewarudia. Katika jaribio la watu 182, ndani ya wiki nane ugonjwa uliwarudia asilimia 12 ya waliopewa dawa na asilimia 40 ya waliopewa kapsuli zisizo na kitu.

"Kinyesi cha mtu, mwanangu?" Mama alinyamaza muda mrefu. Akataka kujua mambo mawili, je ni safi, na je inafaa kwa Muislamu. La kwanza alijibiwa na daktari. La pili alimpigia kaka yake Tanga, mtu wa elimu, naye akamwambia ameze, maana njia nyingine zimeshajaribiwa. Namshukuru sana mjomba.

Matumizi ni mepesi, isipokuwa jioni ya kutangulia. Dozi ya mwisho ya antibiotiki ikishapita siku mbili hadi nne, mgonjwa hunywa haluli, dawa ya kusafisha tumbo, kwetu ilikuwa chupa ya magnesiamu sitreti, ili dawa iliyobaki tumboni itoke. Hapo mama alichoka kweli, nikamlaza karibu na choo. Baada ya hapo hali kitu, hanywi kitu ila maji kidogo, kwa saa nane kabla ya kapsuli za kwanza. Kapsuli zenyewe hazina harufu wala ladha. Alijaa gesi siku chache, akapata choo kigumu kidogo, basi.

Bei inaumiza. Ilipotoka ilitangazwa dola 17,500 kwa dozi nzima. Bima ilikataa mwanzoni, ikakubali daktari alipoandika barua ya kueleza kila mara ugonjwa uliporudi. Kwa hiyo tunza majibu yote ya vipimo, na usikate tamaa kwa barua ya kwanza.

Mtindi ninaupenda na mama anakunywa kila siku, ila hauwezi kushika nafasi ya dawa hii. Mwongozo wa chama cha madaktari wa tumbo Marekani, ACG, wa mwaka 2021, haupendekezi probiotiki za dukani, yaani bakteria wema wanaouzwa kwa vidonge, kwa kuzuia C. diff isirudi. Na kitakasa mikono cha alkoholi hakiziui spora: ni maji na sabuni, na choo kioshwe kwa jiki.

Tangu ameze mwaka jana haijamrudia. Anakula wali wa nazi usiku, na kwenye faili lake la meno imeandikwa kwa wino mwekundu kwamba asiandikiwe antibiotiki yoyote kabla daktari wa tumbo hajaulizwa.