Wasanii wa kutafuta kwa simu: nani anashika, nani hashiki

Assalam aleykum wapenzi watazamaji, karibuni, niko hapa barazani Langoni, Lamu, na mkisikia punda mnisamehe, huyo simuwezi. Leo sichambui simu wala spika, nachambua wasanii, na kipimo changu ni kimoja tu: kazi yake ukiitazama kwa skrini hii hii ya mkononi inakushika ama haikushiki, manake tusidanganyane, sisi huku kisiwani wengi wao tutawaona kwa simu.

Wa kwanza Thandiwe Muriu, mpiga picha wa Nairobi, na kama una bando la mtu mmoja basi limalizie kwake. Ana mfululizo unaitwa CAMO, kitambaa kimoja cha kitenge kinashonwa nguo, halafu kilekile kinatandazwa nyuma ya mwanamke, mwili wote unazama kwenye nakshi unabaki uso na mikono na nywele zilizosukwa ajabu. Ngoja nivute karibu... mnaona hapa begani? Nguo na ukuta ni kitu kimoja, mpaka utafute kivuli ndo ujue bega limeishia wapi. Na miwani anayowavika ni vitu vya nyumbani tu, vile vya kutumia kila siku. Kila picha ina methali yake, sasa mama zetu wanaochagua leso kwa jina lake hawahitaji kuelezwa hapo. Kasoro ipo: ukipitisha nyingi kwa mpigo macho yanauma, na video ikiwa na kwaliti ya chini nakshi zinatetemeka, kwa hivyo fungua picha yenyewe achana na klipu.

Cyrus Kabiru naye anatengeneza miwani, lakini yake ni sanamu kabisa, C-Stunners anaziita, waya, vifuniko, vyuma na vipande vya vifaa vya umeme vilivyotupwa. Alipokuwa mtoto alitaka miwani, babake akamwambia jitengenezee, na wallahi akajitengenezea. Watu wa Lamu hili la takataka halitushangazi, Flipflopi si jahazi la plastiki lililoundwa hapa hapa likavikwa ndara, likatia tanga mpaka Zanzibar 2019? Lakini Kabiru anakuvalia usoni, anakutazama, hapo ndo ananimaliza.

Osborne Macharia, mpiga picha, haraka haraka: mabibi wazee aliowavika kama matajiri wa mjini, na hadithi amewatungia mwenyewe. Picha zimeng'arishwa sana kwa ladha yangu, ila mabibi wenyewe mashallah.

JR ni Mfaransa. 2009 alifunika mapaa ya Kibera, Nairobi, kwa picha kubwa za macho na nyuso za wanawake wa pale pale, akachapisha kwa plastiki isiyopitisha maji, kwa hivyo mvua ikinyesha paa linasaidika. Tena akabandika macho kwenye mabehewa ya treni, na sehemu ya chini ya uso ikakaa kwenye mteremko chini ya reli, treni ikipita uso unakamilika sekunde kidogo tu. Huyu sasa ndo wa kutazama kwa video.

Na Michael Armitage, mchoraji, mzaliwa wa Nairobi. Hachori kwa turubai, anachora kwa lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti cha Uganda, kina matundu na mishono na yeye anayaacha yaingie ndani ya mchoro. Kwa simu matundu huyaoni, unaona rangi tu. Huyo msubirini mpaka mpate kompyuta ya mtu.