Wikipedia ya Kiswahili darasani Iringa: huduma nzuri kwa anayesoma mpaka kwenye tanbihi

Nafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Iringa, na sijaona mahali mtandaoni ambapo wanafunzi wangu hukimbilia kwanza kuliko Wikipedia. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu na wazazi wanaoniuliza kama toleo la Kiswahili linafaa kuaminiwa. Jibu langu ni kwamba linafaa kwa msomaji anayeshuka mpaka kwenye tanbihi na kufungua ukurasa wa majadiliano, ambako wahariri hujadiliana juu ya makala, kwa sababu thamani yake kubwa imelala huko, wakati wanafunzi wengi hunakili aya mbili za juu na kufunga simu.

Mambo ya matumizi nitayapitia kwa haraka. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na toleo la Kiswahili likaanza mwaka 2003. Leo lina makala zaidi ya 70,000, nyingi zikiwa fupi mno, zile ambazo wahariri wenyewe huziita mbegu. Halitozi chochote, halina matangazo ya biashara, na kurasa zake hufunguka vizuri hata kwenye simu ya bei ndogo. Shule isiyo na intaneti ya uhakika inaweza kulipakua toleo zima kwa programu ya Kiwix na kulisoma bila bando, kama tulivyofanya sisi.

Jambo zito ni namna habari zinavyoingia humo. Wahariri wanajitolea, na wanabanwa na kanuni tatu: kuandika bila kuegemea upande, kuambatanisha kila dai na chanzo kinachoweza kuthibitishwa, na kutoingiza utafiti wao binafsi. Zikisomwa zenyewe, kanuni hizi hazina ubishi. Ubishi huanza zinapokutana na jambo ambalo pande zake mbili hazikupata nafasi sawa ya kuliandika, na hapa Uhehe jambo hilo ni habari za Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani.

Mwezi uliopita niliketi na wahariri wawili wa kujitolea, wote vijana niliowafundisha, wakibishana juu ya aya moja waliyokuwa wakiiandaa. Mmoja alikuwa ameandika kwamba tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, "waasi wa Kihehe" walikishambulia kikosi cha ofisa wa Kijerumani Emil von Zelewski na kumuua. Alikuwa na chanzo, kitabu kilichotegemea taarifa za maofisa wa Kijerumani, na alishikilia kwamba kazi ya mhariri ni kufuata chanzo kinavyosema. Mwenzake, mwenyeji wa Kalenga, palipokuwa makao makuu ya Mkwawa, akamuuliza swali ambalo kila mwalimu wa historia anapaswa kuwa na jibu lake: mtu anaiasije serikali ambayo hajawahi kuwa chini yake? Ni kweli kwamba serikali ya Ujerumani ilikuwa imeshika rasmi utawala wa koloni mwanzoni mwa mwaka huo huo, lakini Kalenga haikutekwa mpaka Oktoba 1894. Neno "waasi", kwa hiyo, lilikuwa limebeba dai la Wajerumani kwamba nchi hii tayari ni yao, na kijana aliyelinakili kwa nia njema alikuwa ameshaegemea upande bila kujua.

Kanuni ya kutoegemea upande hueleweka vibaya mara nyingi, hata na watu wanaoitetea. Haimtaki mhariri atafute katikati ya maoni mawili, wala haimtaki akitupe chanzo kwa sababu tu kiliandikwa na mkoloni. Inamtaka aonyeshe dai ni la nani. Baada ya karibu saa nzima vijana wale waliandika kwamba jeshi la Mkwawa lilikivamia kikosi hicho kilipokuwa safarini, na kwamba taarifa za Kijerumani za wakati ule ziliwaita wapiganaji hao waasi. Chanzo hakikubadilika, ila sasa msomaji anamwona anayesema. Nimekuwa nikitumia aya ile darasani tangu siku hiyo, na wanafunzi wameanza wenyewe kuuliza kwa nini vitabu vingine husema "uasi" wa Majimaji na vingine "vita".

Kasoro ninayoiona kubwa ni ya vyanzo vya mdomo. Masimulizi ya wazee kuhusu jiwe la Gangilonga hapa Iringa, au kuhusu siku za mwisho za Mkwawa kabla hajajiua Julai 1898, hayakubaliki mpaka yachapishwe, ilhali ripoti ya ofisa aliyekuwa akimwinda inakubalika kwa kuwa imechapwa. Naelewa sababu yake, kwani bila kanuni hiyo kila mtu angeandika kwamba babu yake ndiye aliyemwambia. Mwaka 2011 wanawikipedia walijaribu nchini India na Afrika Kusini kurekodi masimulizi na kuyatumia kama vyanzo, nami natamani sana jambo hilo lifanywe huku kwetu kabla wazee waliobaki hawajaondoka.

Kasoro nyingine ni uchache wa watu. Katika toleo la Kiingereza, anayetengua kazi za wenzake zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 katika ukurasa mmoja anaweza kuzuiwa kuhariri, kwa kuwa wabishi ni wengi. Katika la Kiswahili sentensi yenye kosa inaweza kukaa muda mrefu kwa kukosa wa kuipinga, kisha tovuti nyingine ikainakili, na baadaye tovuti hiyo hiyo ikaletwa kama chanzo. Mwalimu anayeona ukurasa wa majadiliano ni mtupu asidhani kwamba makala imekwisha kukaguliwa.

Vijana wangu walimalizia na habari ya fuvu la Mkwawa, lililochukuliwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa Uingereza, lakini lilirudi mwaka 1954 tu, baada ya Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, kulichagua kwa vipimo miongoni mwa mafuvu yaliyokuwa katika jumba la makumbusho la Bremen. Mmoja alitaka kuandika kwamba hilo bila shaka ni fuvu la Mkwawa, mwingine alitaka kuandika kwamba hakuna uhakika wowote. Hatimaye waliandika jinsi lilivyochaguliwa, nani alilichagua, na kwamba lilipokewa Kalenga kama fuvu la Mkwawa na ndiko linakohifadhiwa mpaka leo, bila kutia "bila shaka" wala "eti".