Mizani, kioo na albamu ya sarafu: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu hapa Dodoma

Vitu hivi vitatu nilivinunua kwa pamoja, vikiwa seti, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni aliyeko Dar es Salaam: mizani ndogo ya kidijitali kama ya masonara, kioo cha kukuzia cha mara kumi, na albamu ya kurasa za plastiki zenye vifuko vya kuwekea sarafu. Nililipa shilingi 78,000 pamoja na gharama ya kusafirisha kwa basi, na kesho yake nikauchukua mzigo stendi ya Nanenane. Tangu hapo nimevitumia karibu kila wiki. Mwenye haraka ya jibu, ni hili: mizani nunua, kioo nunua, albamu usiichukue hata ukipewa bure.

Mimi si mfanyabiashara wa sarafu. Nilianza na mkebe wa maziwa ya unga alionipa bibi yangu wa Mpwapwa. Ndani mlikuwa na senti za mkoloni zenye tundu, thumni kadhaa, shilingi zenye simba, sarafu za mwaka 1966 zenye samaki, mbuni na sungura, na dala chache, sarafu za shilingi tano, zile za pembe kumi ambazo wengi wanasema ndizo zilizozaa jina la daladala. Nilipoanza kuulizia thamani nikakuta kila mtu ana bei yake kichwani. Ndiyo maana nikataka vifaa.

Nianze na mizani, maana ndiyo iliyoniokolea fedha. Inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu na inatumia betri mbili ndogo. Imekuja na jiwe la gramu 100 la kuipimia yenyewe, na nakushauri ufanye hivyo kila unapobadilisha betri, kwa sababu yangu ilishaanza kudanganya kwa gramu nzima betri zilipokuwa zinaisha. Jambo jingine ni upepo. Wa Dodoma wanajua upepo wa hapa kuanzia mwezi wa saba. Ukipima sebuleni dirisha likiwa wazi, au feni inazunguka, namba hazitulii. Mimi nafunga mlango, nazima feni, nasubiri sekunde kadhaa, ndipo nasoma.

Siku iliyonifanya niipende ni ile nilipokwenda Kondoa. Mzee mmoja alisikia natafuta hela za zamani, akaniita pembeni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hii ni rupia ya Mjerumani, angalia kofia yake. Laki tatu tu.”

Kofia ya Kaisari Wilhelm kweli ilikuwepo, na mwaka 1890 unasomeka. Kwa macho ningesema ni yenyewe. Lakini rupia ya fedha ya wakati ule ina uzito wa gramu 11.66, na hata ikichakaa sana haipungui ovyo. Ile ilisoma gramu 9.4. Nikatoa kisumaku kidogo ninachotembea nacho, ikaruka na kuganda. Fedha haishikwi na sumaku. Nilimwonyesha mzee taratibu, bila watu kujaa, kwa sababu naye alikuwa ameuziwa na mtu mwingine na alikuwa amelipa. Aliumia sana. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa nyingine iliyotobolewa, ilikuwa ya mkufu wa marehemu mama yake. Hiyo ilisoma gramu 11.3, na sumaku haikuigusa. Kwa wakusanyaji tundu hushusha sana thamani, kwa hiyo tukaelewana kwa 45,000. Ukingo wa lile tundu umelainika kwa kusuguana na uzi miaka na miaka. Ninaipenda kuliko zote nilizo nazo.

Lakini mizani si mganga wa kila ugonjwa. Chukua shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima. Zilizotengenezwa kuanzia 1921 hadi 1946 robo yake ni fedha, na zile za kuanzia 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe. Ukubwa ni uleule, uzito ni uleule, karibu gramu 7.8. Hapo unasoma mwaka tu. Na hata hiyo yenye fedha, ukipiga hesabu haifiki gramu mbili za fedha safi, kwa hiyo anayekwambia uiuze kwa sonara kwa bei ya maajabu anakudanganya.

Vilevile hela za Tabora. Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto na meli za Waingereza kuziba bahari, Wajerumani walikosa sarafu kutoka kwao, wakazitengeneza wenyewe Tabora kwenye karakana ya reli mwaka 1916: heller 5 na heller 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye ndovu, dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, Iramba. Hizo za dhahabu zilitoka kama 16,000 tu. Neno letu “hela” limetokana na hiyo heller, na kila ninapoishika ya Tabora mkononi nalikumbuka hilo. Sasa, kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka na kwa vifaa vya kubahatisha, unene wake haulingani, na uzito unapishana kutoka moja hadi nyingine. Usimtuhumu mtu kwamba heller 20 yake ni bandia kwa sababu ya mizani peke yake. Tafuta herufi T, yaani Tabora, chini, angalia taji na maandishi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, jina la koloni la Mjerumani) yalivyokaa.

Hapo ndipo kioo kinapofanya kazi. Ni kidogo, kinajikunja na kuingia kwenye ganda lake la chuma, na picha yake ni safi katikati ingawa pembeni inapinda kidogo. Taa yake ndogo ilikufa mwezi wa tatu. Sikujali, kwa sababu mwanga mzuri wa kuangalia sarafu ni wa taa moja ya mezani inayopiga kutoka upande mmoja. Sarafu ambayo haijatumika ina ung'avu wa kiwandani: ukiiinamisha taratibu, mwanga unazunguka juu yake kama mikono ya gurudumu la baiskeli. Ikianza kutumika, ung'avu huo unakufa kwanza sehemu zilizoinuka, yaani manyoya ya simba kwenye shilingi ya mkoloni, au nywele za juu ya sikio na shavu la Mwalimu Nyerere kwenye shilingi ya 1966. Ukizoea kuangalia hapo, huhitaji mtu akupangie hadhi ya sarafu.

Kioo hichohicho ndicho kilichonionyesha jambo la mkebe wa bibi. Shilingi zake zilikuwa zinang'aa sana nilipozipokea, na nilifurahi. Chini ya kioo nikaona michirizi midogo, mamia, yote imelala upande mmoja, na mwanga hauzunguki, umekufa. Nilipomuuliza kwenye simu akasema kwa furaha, “Mjukuu wangu, nilizisugua kwa majivu na ndimu usiku kucha, ningekupaje kitu kichafu?” Nilimshukuru, na sikumwambia lolote. Lakini kwako wewe unayesoma nasema wazi: usisafishe. Si kwa ndimu, si kwa dawa ya meno, si kwa soda. Sarafu iliyosuguliwa mnunuzi anayejua ataijua, na hutaweza kuirudisha. Ile rangi ya kahawia au kijivu ambayo wewe unadhani ni uchafu, mnunuzi huyo anaiita ngozi.

Nitaje pia senti 10 za mwaka 1936 zenye jina la EDWARDVS VIII, kwa sababu nimeletewa mara nne na majirani wa Makole wakiamini ni utajiri. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huohuo kabla ya kutawazwa, na Uingereza kwenyewe sarafu zake ni adimu kupindukia. Kwetu ni tofauti. Hizi zenye tundu hazikuhitaji sura ya mfalme, jina tu lilitosha, zikatolewa kwa wingi na zikatumika. Ni sarafu nzuri yenye historia nzito, ila haikujengei nyumba.

Kwenye noti kioo kilinisaidia mapema 2025. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za toleo la 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya mia tano ya 2010, zibadilishwe kati ya Januari 6 na Aprili 5. Mama alikuwa na bunda lake kabatini. Tuliketi mezani tukazipitia moja moja. Nyingi zilikuwa zimekunjwa mara nane, za kufungwa kwenye pindo la khanga, na mstari wa mkunjo umekata hadi nyuzi zinaonekana. Hizo tukazipeleka benki zikabadilishwa kwa thamani yake. Mbili zilidanganya macho: zimenyooka, safi, lakini karatasi imelegea kama kitambaa, na chini ya kioo nyuzi zimelala bapa. Mama akakumbuka kwamba aliwahi kuzipiga pasi. Nazo tukazipeleka. Tulibakisha nne zisizo na mkunjo hata mmoja, pembe zake zikali, ukizitikisa zinalia, na ukiziinua kwenye mwanga kichwa cha twiga kinakuangalia bila ukungu.

Sasa albamu. Kwa nje inavutia, jalada gumu, kurasa ishirini. Ukiifungua inatoa harufu ya pazia jipya la bafuni, na plastiki ni laini, inavutika. Hiyo harufu ingenitosha, ila sikujua. Baada ya miezi minane nikachomoa dala yangu bora kabisa, nikahisi inanata. Juu yake kulikuwa na utando wa kijani, mwembamba, kama mafuta yaliyoganda. Sarafu kumi na moja zilikuwa hivyo. Nilimwandikia muuzaji, akanijibu kwamba ni unyevu wa nyumba. Ilikuwa mwezi wa nane, Dodoma, midomo inapasuka kwa ukavu. Hakurudisha hela wala hakubadilisha.

Kinachofanya hivyo ni plastiki ya PVC, ambayo ikizeeka inatoa kemikali zinazokula shaba. Unaweza kuipima nyumbani: chukua waya wa shaba, upashe moto hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye kipande cha plastiki, kisha urudishe kwenye moto. Mwali ukiwa wa kijani, plastiki hiyo itupe. Fanya nje, maana moshi wake si wa kuvuta. Kipande cha albamu yangu kilitoa kijani kibichi kabisa.

Nilizilowesha zile kumi na moja kwenye asetoni halisi, si ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato, ndani ya glasi, dirisha wazi, bila kusugua. Nane zimepona. Tatu zimebaki na vidoa vilivyochimbika, na ile dala ni mojawapo.

Kwa sasa kila sarafu ina bahasha yake ndogo ya karatasi isiyo na asidi, noti ziko kwenye mifuko ya poliesta, na vyote viko kwenye boksi la bati juu ya kabati, mbali na jiko. Mizani naipa nyota tano, kioo nne kwa sababu ya taa, albamu sina nyota ya kuipa. Mwenye kujua mtu anayeuza mifuko ya poliesta hapa mjini aniambie, kwa sababu zangu ninaagiza kwa mtu anayesafiri na zimebaki sita.